Mama kaambiwa ute wa goti umeisha, mbona goti limejaa maji?

BintiMbagala: Wakuu shikamooni. Mama ana miaka 63, anauza vitumbua Rangi Tatu. Goti la kulia limevimba. Ukibonyeza pembeni mwa pia ya goti, maji yanahamia upande wa pili. Picha imeonyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limesagika. Majirani wanasema ute umeisha, ale bamia. Sasa haya maji yanatoka wapi?

MnyooshaViungo: Marahaba, pole kwa kuuguza. Ute hutengenezwa na utando mwembamba uliofunika kiungo kwa ndani. Utando ukivimba, unamwaga maji mengi lakini mepesi, hayalainishi vizuri. Kibaya zaidi, unatoa kemikali zinazochochea seli za gegedu zizalishe vimeng'enya vya kukatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazolishikilia gegedu lenyewe. Vipande vinavyomeguka vinauchokoza utando, nao unazidi kuvimba. Gegedu halina mishipa ya damu, kujirekebisha ni shida. Wala halina neva; maumivu yanatoka kwenye utando na mfupa. Bamia ale kama mboga tu, ute wake haufiki gotini.

MamaTandika: Anakaangia kwenye kigoda? Mtafutieni stuli ndefu na meza. Mimi iliniokoa.

MnyooshaViungo: Kweli kabisa, na mazoezi ya misuli ya paja. Ila goti likiwa la moto, jekundu, na ana homa, hospitali siku hiyohiyo.

BintiMbagala: Homa hana. Jana nimemwona anashuka daladala kinyumenyume, kashikilia mlango kwa mikono miwili. Kesho natafuta hiyo stuli.