Gumzo la ukoo: Zuhura na lita 4 za dawa

*Ijumaa*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Jamani msinicheke. Jumatatu nina kile kipimo cha kamera ya utumbo mkubwa, kolonoskopi, nilishaahirisha na sasa hivi nataka kuahirisha tena

Mama: Marahaba mwanangu. Unaahirisha nini tena na hela imeshalipwa?

Bamdogo Saidi: Marahaba. Unaogopa mpira wa nyuma 😂😂 si unachomwa sindano unalala hujui lolote

Zuhura: Bamdogo mpira siuogopi, waupitishe watakavyo. Naogopa kutapika. Nimepewa dawa ya unga nikoroge kwenye maji lita 4 ninywe yote, na kila niliyemuuliza anasema inatia kichefuchefu, iko juu ya friji naiangalia tu

Hamisi: kutapika tu sister? si unatapika unasukutua yameisha

Wifi Asha: Hamisi hebu nyamaza. Mwenzio boti ya Unguja hapandi sababu ya ile mifuko wanayogawa watu watapikie. Harusi ya Tanga kashindia mkate na chai ya rangi, pilau aligoma eti limekaa sana

Zuhura: Asante wifi. Mtoto wangu akisema tumbo linamuuma mimi natoka nje namwita baba yake. Siyo kinyaa, ni woga kabisa, moyo unaenda mbio viganja vinalowa jasho. Na nikiogopa tumbo linavurugika, nikihisi limevurugika naogopa zaidi, nazunguka humo humo

Dada Rukia nesi: Nimetoka zamu sasa hivi ndo nasoma. Zuhura usiahirishe. Baba yako Mungu amrehemu aligundulika na kansa ya utumbo ana miaka 51, na kwa watoto wa mtu kama huyo wanashauri kuanza kupimwa ukifika 40 au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, lolote litakalotangulia. Wewe una 41, ushachelewa kidogo

Mama: 😢

Dada Rukia nesi: Sasa kuhusu kutapika. Kesho asubuhi mpigie daktari mwambie wazi kabisa naogopa kutapika, siyo "tumbo linanisumbua", muulize akuandikie ondansetron, kidonge cha kuzuia kutapika, umeze kabla hujaanza dawa. Halafu muulize kama inaweza kugawanywa, nusu usiku nusu alfajiri, siku hizi wengi wanafanya hivyo na tumbo linasafishika vizuri zaidi. Kuna za lita 2 pia, akiona inakufaa atakubadilishia

Zuhura: na ya usingizi? si ndo inatapisha watu wakiamka?

Dada Rukia nesi: Inategemea wamekupa ipi. Propofol yenyewe inapunguza kichefuchefu. Mwambie wa usingizi kabla hujalazwa kitandani, usingoje kuulizwa. Na kolonoskopi haigusi koo, anayekabwa ni yule anayepimwa vidonda vya tumbo kwa kamera, ile inapita mdomoni

Bamdogo Saidi: Ale nini sasa hizi siku mbili

Dada Rukia nesi: Wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki. Maharage, kisamvu, mchicha, mapera na pasheni na mbegu zake hapana. Jumapili hakuna chakula, maji, chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa. Na Mama usimpelekee ile juisi yako ya rosela, nyekundu hairuhusiwi, kule ndani inaonekana kama damu

Mama: Nilikuwa nishaloweka

*Jumapili*

Zuhura: Nimemeza ondansetron. Nimekoroga. Iko kwenye friji

Dada Rukia nesi: Vizuri, ya baridi inapita kirahisi. Tumia mrija usukume nyuma ya ulimi, ukimaliza glasi lamba limao. Glasi moja kila robo saa, usikae, zunguka zunguka ndani, dawa ishuke

Wifi Asha: Niko naye hapa. Kaziba pua kama mtoto anayenyweshwa kwinini

Zuhura: jamani chumvi chumvi. Tumbo limejaa. Nahisi kinakuja

Dada Rukia nesi: Simama, usinywe. Pumzika nusu saa. Kichefuchefu siyo kutapika Zuhu, mara nyingi kinapanda kinashuka chenyewe, fungua dirisha vuta pumzi polepole. Ukija kutapika kweli nipigie tutajua la kufanya, hamna kilichoharibika

Hamisi: sister pole. samahani kwa ile ya juzi

Zuhura: Kimeshuka. Naendelea ila polepole

Wifi Asha: Hayuko hapa, kakimbia 😂 imeanza kazi

Bamdogo Saidi: Mlango wa choo usifungwe na komeo

Zuhura: Nusu ya usiku imeisha. Nyingine saa 10 alfajiri. Sijatapika

Mama: Alhamdulillah. Lala mwanangu

*Jumatatu*

Wifi Asha: Katoka, yuko macho. Kipimo kilikuwa saa 4, sahivi anakunywa chai na biskuti. Wamekuta vinyama viwili wamevikata hapo hapo vimeenda maabara, daktari anasema ni vidogo tungoje majibu

Zuhura: Niko hai. Wa usingizi nilimwambia akasema haya mama nimekuelewa, nikalala. Ila ile ya alfajiri nililia kwa kweli, kila glasi nilikuwa namshika wifi mkono. Majibu yakitoka Rukia ananitafutia mtu wa saikolojia wa hii woga maana sitaki kila kipimo kiwe hivi

Dada Rukia nesi: Yupo, wanakuzoesha kidogo kidogo, nitakutumia namba. Na wewe baba mdogo, marehemu alikuwa kaka yako tumbo moja, una 58. Wewe ulipima lini?

Bamdogo Saidi: Mimi sina shida yoyote

Mama: Saidi, umeulizwa lini.

Bamdogo Saidi: Sijawahi shemeji

Zuhura: Bamdogo usiogope mpira, utalala hutajua lolote 😂

Dada Rukia nesi: Njoo Alhamisi niko zamu ya mchana, tukamwone daktari. Na uje na karatasi ya dawa zako za presha na ile ya kuyeyusha damu, kuna zinazosimamishwa kabla ya kipimo, usiache mwenyewe

Bamdogo Saidi: Haya. Hiyo ya unga haina ladha ya embe?