Nzi wa Nicholson: mlinganyo upi unaeleza vizuri kupanda na kushuka kwao?

Mpwani_H: Wakuu, naandaa mada ya semina kuhusu nzi wa kondoo wa Australia (*Lucilia cuprina*) aliowafuga A. J. Nicholson maabara. Wazima walipewa maini kwa kipimo, 0.5 g kwa siku, funza wakala watakavyo. Idadi ikawa inapanda hadi maelfu kisha inaporomoka karibu na sifuri, kila siku 35 hadi 40. Lojistiki ya kawaida (mlinganyo wa ukuaji unaopungua kadiri idadi inavyokaribia kikomo) inanipa mstari unaopanda na kutulia tu. Kati ya milinganyo yenye kuchelewa, nichukue ya Hutchinson (1948) au ya Gurney, Blythe na Nisbet (1980)?

MamaGrafu: Ya kawaida haiwezi kabisa. Ina kigeu kimoja: ili idadi irudi chini, lazima ipite palepale ilipopita ikipanda, na pale mlinganyo unatoa kasi moja tu, ya kupanda. Hutchinson aliifanya breki, yaani mabano yanayopunguza ukuaji, isome hesabu ya zamani:

dN/dt = rN(t)[1 − N(t−τ)/K]

N ni idadi, r kasi ya ukuaji, K kikomo cha idadi, τ muda wa kuchelewa. Idadi ikifika K breki haijajua, kwa hiyo inapitiliza. Ikishuka, breki bado inaona wingi wa juzi, inashuka kupita kiasi. Kinachoamua ni rτ: chini ya 1/e (0.368) inatulia bila kuyumba, hadi π/2 (1.571) inayumba ikififia, zaidi ya hapo haitulii tena. Mpakani kipindi ni 4τ kamili.

FundiProgramu: Kuna njia ya tatu: gawa kuchelewa katika hatua, kila hatua na mlinganyo wake wa kawaida. Ila hatua moja haitoi mzunguko wa kudumu hata ufanyeje, na mbili zilizo sawa zinataka r mara wastani wa kuchelewa ipite 4. Yaani kuchelewa kukitawanyika badala ya kuwa muda mmoja, hakuyumbishi idadi sana.

MamaGrafu: Ndiyo maana kwa nzi hawa, wanaokomaa karibu pamoja, napendelea τ moja.

MwalimuWaBara: Mimi nasema Gurney. Mwanaikolojia Robert May alilinganisha Hutchinson na data hizo: rτ kama 2.1, kipindi kama 4.54τ, hivyo τ ni siku 9 hivi, wakati yai huchukua kama siku 11 kuwa nzi. Si mbaya! Lakini mlinganyo ule unapunguza nzi wa leo kwa msongamano wa siku zilizopita. Kilichotokea vizimbani ni kwamba wazima wakizidi, majike hawapati protini, hawatagi, na pengo linaonekana kizazi kile kinapopaswa kukomaa. Gurney wanaandika hivyo hivyo:

dN/dt = P·N(t−τ)·e^(−N(t−τ)/N₀) − δN(t)

P ni kasi ya juu ya uzazi kwa kila nzi, N₀ idadi ambapo utagaji wa jumla ni mkubwa zaidi, δ kasi ya vifo. Vifo ni vya leo, uzazi ni wa zamani. Tena inatoa mawimbi mawili ya kutaga katika mzunguko mmoja: idadi ikipita N₀ ikipanda, na ikirudi hapo ikishuka. Hutchinson haina hilo.

Mpwani_H: Asanteni sana. Mwalimu, nimeshawishika. Thamani ya kuanzia naweka ngapi?

FundiProgramu: Si namba moja mkuu, ni historia nzima kuanzia −τ hadi 0. Kwenye kompyuta, dde23 ya MATLAB, kitatuzi cha milinganyo yenye kuchelewa, inaipokea. Solve_ivp ya SciPy (maktaba ya Python) haina nafasi ya kuchelewa. Na usianze palepale kwenye usawa (idadi ambapo uzazi na vifo vinalingana), sogeza kidogo, la sivyo grafu itanyooka hata kama τ ni kubwa.