Mafundi wa Dar, acheni kuziba njia ya maji ya throto bodi kwa bolti!

Wakuu, hili sasa limezidi. Gari linaingia gereji kusafishwa throto bodi tu, yaani mlango wa kupitishia hewa inayoingia kwenye injini, linatoka hozi zake mbili za maji zimechomolewa na kuzibwa kwa bolti, halafu mwenye gari anaambiwa "tumekupunguzia ulaji wa mafuta na kukuongezea nguvu". Analipishwa kazi ambayo hakuiomba, kwa faida ambayo haipo.

Maji ya moto yanapitishwa pale ili unyevu usigande barafu kwenye kipepeo, kile kibamba kinachofungua na kufunga hewa, wakati wa baridi. Dar baridi hiyo hatuna, na injini inayoishi hapa mjini inaweza kukaa bila maji hayo. Hapo sina ugomvi. Ugomvi ni kusema gari litaongezeka nguvu eti kwa sababu hewa inayoingia haipashwi moto tena na yale maji. Chukua injini ya 1NZ-FE ya Toyota IST, cc 1,497. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kipepeo kikiwa wazi kabisa, inavuta karibu lita 25 za hewa kila sekunde. Tundu la throto bodi halifiki hata robo lita, kwa hiyo hewa inakaa mle ndani chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Itapata moto saa ngapi? Ukitaka hewa ya baridi, rudisha lile bomba la kuvutia hewa kutoka mbele ya gari, ambalo mafundi haohao hulitoa na kulitupa. Foleni ya barabara ya Mandela, injini inavuta joto la chini ya boneti, na hapo ndipo nguvu inapopotelea.

Sasa madhara. Injini nyingi, hiyo hozi ndogo ndiyo pia njia ya hewa iliyonaswa kutoka sehemu ya juu ya mfumo wa maji. Ukiiziba, hewa inabaki kwenye silinda hedi, maji hayazunguki vizuri, gari linachemsha, gasketi inaungua, hedi inapinda. Magari kama Vitz hayana hata mshale wa joto, ni taa ya bluu na nyekundu tu. Na sensa ya joto ikishakuwa kwenye hewa badala ya maji inasoma uongo, taa nyekundu inachelewa kuwaka.

Toyota za zamani zenye injini za 4A-FE na 5A-FE ndizo zinazoonewa zaidi. Nyingi zina vali ya hewa chini ya throto bodi yenye nta ndani. Injini ikiwa ya baridi vali iko wazi, sailensi (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inakuwa juu. Maji yakipata moto nta inavimba, vali inafunga, sailensi inashuka. Kata maji, nta haipati moto, vali haifungi. Sailensi inabaki juu, au inapanda na kushuka bila kutulia kwa sababu kompyuta inakata mafuta ikiona kipepeo kimefungwa huku mizunguko iko juu. Fundi naye, badala ya kurudisha maji, anakimbilia kulegeza skrubu ya kipepeo. Sensa ya kipepeo inatoka kwenye kipimo, na gari linakunywa mafuta kuliko mwanzo!

Sababu moja tu ya kukata maji hapa Dar naikubali: gasketi ya vali inavujisha maji kwenye njia ya hewa, au mdomo wa hozi umeliwa na kutu. Hiyo kutu tunaitengeneza wenyewe kwa kujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Hata hivyo, hakikisha kwanza vali yako si ya nta.

Na ikibidi, kazi inafanywa hivi. Injini ipoe kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, punguza maji kama lita moja. Pima kipenyo cha ndani cha hozi. Nyingi ni karibu milimita 8. Nunua kiungio cha shaba cha saizi hiyo na klipu mbili mpya, kisha unganisha hozi kwa hozi ili maji yaendelee kuzunguka. Mpira wa mafuta usitumie, na ule mpira mweupe wa plastiki ndio kabisa usiuguse, unalainika kwa joto la maji. Hozi isikunjike wala isiguse waya wa akselereta. Jaza kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu, pandisha pua ya gari, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Likipoa, ongeza. Kesho yake asubuhi angalia tena.

Anayepanda kwenye baridi ya Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai aache maji yake yalivyo.

Kama gari lako limewahi kufunguliwa throto bodi, likipoa fungua boneti ufuate hozi mbili nyembamba zinazotoka hapo. Ukikuta kichwa cha bolti, rudi kwa fundi huyohuyo aziunganishe bure, na usiondoke gereji kabla hewa haijatolewa kwenye mfumo mbele ya macho yako.