Mimba wiki 27, mawazo hayaishi, ntazaa njiti?

mamakijacho_Sakina: Habari zenu wapendwa, niko Sakina Arusha, mimba ya pili. Tangu mvua zianze silali, mume ni dereva wa watalii na msimu huu gari zimepaki, tukachukua mkopo wa kausha damu tulipe ada ya mkubwa, sasa kila jumatatu yule kaka wa marejesho anakuja anakaa kwenye ngazi anachezea simu, hata hasemi kitu, mi nikisikia pikipiki tu getini tumbo linakaza. Na nafanya shifti ya usiku mapokezi hotelini. Dada wa saluni kanambia mawazo yanamtoa mtoto kabla ya siku zake, ni kweli au ananitisha?

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. Kuna ukweli ila kakupa nusu. Njiti ni anayezaliwa kabla ya wiki 37. Mawazo ya siku mbili tatu hayana neno, shida ni yale yanayokaa miezi, mwili unamwaga homoni ya kotisoli muda wote, na hiyo kotisoli inalichochea kondo la nyuma litoe homoni yake nyingine ambayo kazi yake ni kuuandaa mwili kwa uchungu, sasa ikipanda mapema ndo hapo. Lakini hatari inaongezeka kidogo tu, wengi wenye mawazo wanafikisha miezi yao. Kwahiyo usianze tena kuwaza kwamba unawaza. Nenda kliniki wapime mkojo, presha na wingi wa damu, maana UTI isiyotibiwa, malaria na presha ndo vinawatoa watoto sana. Na hilo tumbo likikaza likaachia kwa mpangilio, au ukaona maji au damu, usisubiri asubuhi, kabla ya wiki 34 kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto na inataka muda ifanye kazi.

babanjiti_Pasua: Mi niko Moshi, wetu alikuja wiki ya 31, kilo 1.4. Ukoo mzima ukasema ni mawazo coz nilikua nimeachishwa kazi, wife akalia wiki nzima anajilaumu, kumbe mkojo ulikua mchafu na hakuna aliyeupima. Nilivua shati nikafungwa nae kifuani kwa kitenge, wanaita kangaruu, vikucha vinanikwaruza kama kifaranga. Leo anakimbiza mbuzi za jirani.

shangazi_KwaMrombo: Mnaongea homoni mnasahau hiyo shifti! Sheria ya ajira ya 2004 inakataza mjamzito kufanya kazi usiku, yaani saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi, miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na hata kabla ya hapo ukiwa na cheti cha daktari kwamba huwezi. We wiki 27 hujafika miezi miwili kwahiyo kiombe hicho cheti kliniki, mpelekee bosi kwa maandishi, bakiza kopi. Na huyo wa marejesho kwani mkopo ulichukua peke yako? Baba akae nae yeye kwenye hizo ngazi.

mamakijacho_Sakina: Asanteni jamani nimelia kidogo. Nimetoka kliniki, presha 110/70, UTI ipo nimepewa dawa, cheti kesho. Jumatatu naenda kwa mama Ngaramtoni tangu asubuhi, mume nimemwambia, kanuna ila kakubali.