Miaka 64 bungeni: uzoefu au ung'ang'anizi?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Fred Risser aliingia Bunge la jimbo la Wisconsin, Marekani, Januari 1957 akiwa na miaka 29. Mwaka 1962 akahamia Seneti ya jimbo hilohilo. Ametoka Januari 2021, mzee wa miaka 93. Hakuna mbunge wa jimbo nchini mwao aliyewahi kukaa muda huo. Tena baba yake, babu yake na baba wa huyo babu wote walikuwa wabunge wa Wisconsin! Mtoto aliyezaliwa wiki ile Risser anaapishwa, siku mzee anaondoka naye alikuwa anadai pensheni.

Msimamo wangu: wawekewe ukomo wa mihula. Madison, alikotoka, ni ngome ya Democrats. Ukipita kura za maoni za chama, umemaliza. Sasa nani atamgusa mtu anayejulikana hadi na wajukuu wa waliompigia kura ya kwanza?

Mchangiaji 1:
Mkuu, umehesabu miaka, kazi hukuitazama. Sheria iliyofukuza sigara kwenye baa na migahawa ya Wisconsin ilianza kutumika Julai 2010, na Risser ni mmoja wa walioisukuma. Wenye baa walipiga kelele sana. Mbunge anayewaza uchaguzi ujao tu angeikimbia.

Halafu kuna Februari 2011. Gavana Scott Walker alitaka kuwabana wafanyakazi wa umma wasijadiliane mikataba kupitia vyama vyao. Seneti ina viti 33, na muswada wa fedha ulihitaji akidi ya watu 20. Republicans walikuwa 19. Maseneta 14 wa Democrats wakavuka mpaka kwenda Illinois, wakakaa huko kama wiki tatu, na Risser wa miaka 83 alikuwa nao. Wewe na umri wako ungelala hotelini wiki tatu kwa ajili ya akidi?

Mtoa mada:
Na muswada si ulipita? Republicans waliondoa vipengele vya fedha, wakaupigia kura bila hao 14.

Mchangiaji 2:
Hapo kwenye Illinois ndipo penye utamu. Huko kulikuwa na Michael Madigan, mbunge tangu 1971, Spika tangu 1983 hadi 2021, ukiondoa miaka miwili tu katikati, 1995 hadi 1997. Pia alikuwa mwenyekiti wa chama chake, Democrats, jimboni tangu 1998. Yaani muswada aupange yeye, na mgombea apewe fedha za kampeni na yeye. Na huku nje alikuwa na kampuni ya uwakili iliyowapunguzia wenye majengo makubwa kodi! Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 10, rushwa ikiwemo. Juni akapigwa miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5. Miaka mingi humfunza mtu kazi, lakini humfunza pia ufunguo uko mfuko gani.

Mchangiaji 3:
Ndugu zangu, hilo la ukomo limeshajaribiwa. California waliupigia kura mwaka 1990: miaka sita bunge la chini, minane Seneti. Matokeo yake mbunge anajifunza bajeti, akianza kuielewa anafungasha. Anayebaki anajua kila kifungu ni yule anayelipwa na makampuni kushinda kwenye korido. Mwaka 2012 wakalegeza, jumla miaka 12, uitumie popote. Michigan nao wakafuata njia hiyohiyo mwaka 2022.

Mimi ningemwacha Risser na kiti chake. Kinachonitisha ni kiti cha Spika. Kenya rais na gavana wana mihula miwili, mbunge hana kikomo, na sioni ajabu. Mbunge mmoja ni kura moja.

Mchangiaji 2:
Naam. Illinois walifanya hivyo baada ya Madigan: kanuni za bunge za 2021 zinampa Spika miaka 10, mbunge wa kawaida akae hata milele.

Mtoa mada:
Kanuni za bunge, mkuu, si katiba. Zinapitishwa upya na haohao wabunge ambao Spika anawapangia kamati. Mwaka wa tisa ukifika, mniamshe.