Tundu la kwanza la NES linakataa pedi: naomba ushauri kabla sijang'oa IC

Mtunza_Kaseti:
Wakuu, habari zenu. Nina konsoli ya Nintendo Entertainment System, ile ambayo kaseti husukumwa ndani kisha hushushwa chini. Tundu lake la kwanza la pedi (kidhibiti cha kuchezea chenye vitufe) limeharibika, ilhali la pili halina tatizo lolote. Kwa kuwa gemu nyingi huanzishwa na mchezaji wa kwanza, mashine inawaka vizuri lakini haichezeki. Nimesoma kwamba kila tundu lina IC yake (chipu ya kielektroniki) ya familia ya 368 kwenye bodi, iliyoandikwa U7 kwa la kwanza na U8 kwa la pili, nami nimekwisha kununua IC ya kubadilishia. Ninachoomba ni njia salama ya kuing'oa U7 bila kubandua njia za shaba, kwa maana bodi ikiharibika sitakuwa na pa kuanzia.

Mzee_wa_Gemu:
Mkuu, mimi ningeanza na kile kiunganishi cha pini 72 kinachoshika kaseti. Mashine nyingi za aina hii husumbua hapo, kwa sababu pini hulegea kadiri kaseti zinavyoshushwa na kupandishwa. Kisafishe kwa spiriti safi, na meno ya kaseti uyapanguse pia.

Mtunza_Kaseti:
Ahsante, mzee wangu, lakini picha iko safi na kaseti zote zinasomeka mara ya kwanza. Tatizo liko kwenye pedi tu.

DadaNyaya:
Ndugu, umesema limeharibika, ila hujaeleza limeharibikaje. Je, hakuna kitufe hata kimoja kinachofanya kazi, au vipo vinavyofanya kazi isivyopaswa? Umejaribu pedi tofauti? Je, mashine imewahi kufunguliwa kabla ya tatizo kuanza? Bila majibu hayo, kukufundisha kung'oa IC ni sawa na kumpasua mgonjwa ambaye hujamuuliza anaumwa wapi.

Mtunza_Kaseti:
Pedi zote mbili nilizo nazo ni nzima kwenye tundu la pili. Nikizihamishia la kwanza, vitufe vyote vinakufa isipokuwa A. Nikibonyeza A, mchezaji anaruka, gemu inasimama kama vile nimebonyeza Start, na alama ya kuchagulia inahama, vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nikasema ni IC. Kuhusu kufunguliwa, niliisafisha vumbi tu, na sidhani kama hilo linahusika.

Kapteni_16Biti:
Hili limenikumbusha Mega Drive yangu, konsoli ya Sega. Kule tundu lina pini 9, na pini ya 7 ndiyo inayoiambia pedi itume kundi gani la vitufe. Waya wake ulipokatika, B na C zilibaki nzima, lakini A na Start zikapotea kabisa, kwa sababu hutumia njia zilezile za B na C kwa zamu. Nilihangaika sana na raba za ndani ya pedi, nikazisafisha na kuzibadilisha, kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya, pale unapoingia kwenye pedi.

Mwalimu_Saidi:
Vijana, nasema kila siku: zima mashine kwanza, ndipo uchomoe pedi. Vifaa hivi havitengenezwi tena, na anayevitunza anawatunzia na wengine watakaokuja baadaye. Haraka ya dakika moja haifai kuhatarisha kitu kama hicho.

DadaNyaya:
Mwalimu, neno lako ni zuri, ila dalili aliyoieleza ndugu yetu inatosha kabisa kutuonyesha njia. Ndani ya pedi kuna IC ya 4021. Konsoli hutuma ishara ya kunasa, na 4021 hushika hali ya vitufe vyote vinane kwa pamoja. Kisha konsoli husoma mara nane, na kila mara hutuma pigo linalosogeza kitufe kinachofuata, kwa mpangilio huu: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Sasa fikiria mapigo hayafiki. Hakuna kinachosogea, kwa hiyo kila konsoli inapouliza inajibiwa hali ya A. Ukibonyeza A, inaamini umebonyeza vitufe vyote vinane. Ukiiachia, inaamini hujabonyeza chochote. Hicho ndicho ulichokieleza. U7 kazi yake ni kupeleka majibu ya pedi kwa prosesa, na kwa kuwa jibu la A linafika, hiyo IC inafanya kazi. Usiiguse. Narudia swali langu: ulipoisafisha, uligusa nini?

Mtunza_Kaseti:
Basi niseme yote. Ili nitoe bodi, niliichomoa plagi ya tundu la kwanza kwa kuvuta nyaya zake, na waya mwekundu ukatoka kwenye plagi. Niliurudisha kwa kibano, ukashika, na pedi ikafanya kazi kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nikaona hauhusiki. Halafu, dada, nimekwisha kuyeyusha risasi ya kulehemu kwenye pini kadhaa za U7. IC mpya ninayo mkononi, na kubadilisha kitu cha zamani kwa kipya hakuwezi kuleta hasara, ndiyo maana nilitaka nimalizie tu.

Shaka_Kwanza:
Samahani, wakuu, lakini mimi siamini kisa hiki. Waya mwekundu ni wa umeme, kila fundi anajua hivyo. Kama volti 5 zingekatika, pedi isingekuwa na uhai, na hata hiyo A isingesomwa. Huwezi kuniambia waya wa umeme umelegea na wakati huohuo A inafanya kazi. Naona mtu ametunga dalili kutoka sehemu moja na chanzo kutoka nyingine ili kutupotezea muda.

Kapteni_16Biti:
Kusema kweli hata mimi nimeanza kusita. Mwenye uzi atupe picha ya plagi.

Mtunza_Kaseti:
Nimeeleza nilichokiona. Sikusema ni waya wa umeme, nimesema ni mwekundu. Imeniuma kuitwa mtungaji ilhali nimekuja kuomba msaada.

DadaNyaya:
Shaka_Kwanza, hoja yako ingekuwa sahihi kwenye vifaa vingi, ila si kwenye hiki. Kwenye waya wa pedi halisi ya NES, volti 5 hupita kwenye waya mweupe, ardhi kwenye kahawia, na mwekundu ndio wa mapigo. Kwa hiyo rangi iliyokutia shaka ndiyo inayolingana na dalili. Mtu anayetunga angeuita waya wa umeme, kama ulivyouita wewe.

Mtunza_Kaseti, rangi nazo zisikutoshe, maana kwenye pedi za kuiga hubadilika. Zima mashine, chomoa umeme, uweke mita ya umeme kwenye mlio, ili ilie pale njia inapokuwa nzima. Tazama tundu kwa mbele: upande wenye pini nne, kuanzia kona iliyokatwa, kuna ardhi, mapigo, kunasa, kisha data. Pima pini hiyo ya pili hadi mguu wake kwenye bodi, na wakati unapima tikisa waya pale unapoingia kwenye plagi.

Mtunza_Kaseti:
Nimepima. Ardhi inalia, kunasa kunalia, data inalia. Ya pili iko kimya, na nikiusukuma waya mwekundu ndani inalia kidogo kisha inanyamaza. Nikiangalia kwa karibu, kile kibati kidogo kinachoushika waya kimepinda, ndiyo maana haukai.

DadaNyaya:
Kinyanyue kibati kwa ncha ya sindano, kinyooshe, uurudishe waya hadi usikie umenasa, kisha uvute taratibu kuhakikisha. Kabla hujawasha, angalia zile pini za U7 ulizoziyeyusha: pima kila pini na jirani yake, risasi isije ikawa imeziunganisha, na pini iliyobaki na risasi pungufu uilehemu upya.

Shaka_Kwanza:
Nimekubali kuhusu rangi, dada. Ndugu mwenye uzi, uniwie radhi.

Mtunza_Kaseti:
Haina neno, mkuu. Pini mbili za U7 zilikuwa zimeshikana, nimezitenganisha na kuzilehemu upya. Waya umenasa na mita inalia hata nikiutikisa. Nimewasha: Start inasimamisha gemu peke yake, na A inaruka tu.