Naomba ushauri: pini moja ya kitasa imechomoza, kiini hakirudi ndani

Habari zenu wakuu. Nina kitasa cha mlango chenye silinda ya pini 5 (vile vijiti vidogo vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo). Ufunguo mmoja ulipotea, nikaamua kubadilisha pini badala ya kutupa kitasa kizima. Nilizungusha kiini (kile kipande cha ndani kinachozunguka na ufunguo) kidogo kwa ufunguo uliobaki, nikakisukuma nje kwa kijiti cha mviringo chenye unene uleule ili pini za juu na springi zisiruke. Hapo nilifanikiwa, hakuna springi hata moja iliyopotea.

Shida ni pini za chini. Nikiingiza ufunguo mpya, pini 4 zinalala sawa kabisa na uso wa kiini, ila ya tatu imechomoza kidogo sana. Kwa macho huioni vizuri, lakini nikipitisha ukucha naisikia. Nikirudisha kiini ndani kinakwama hapohapo. Nimejaribu pini nyingine niliyo nayo, ni fupi, inazama, na naogopa ile ya juu itashuka ikwame.

Je, niisugue kwa msasa mpaka ilingane, au lazima nitafute pini ya kipimo chake? Na kama msasa unafaa, nisugue upande wa juu au ncha inayokaa kwenye ufunguo? Kwa sasa mlango naufunga kwa komeo la ndani tu, na usiku silali vizuri.